Na wakikuchukua, je?

Saa kumi kasorobo alfajiri, chumba cha mapumziko, mashine ya soda inanguruma peke yake. Nilikuwa nimechana boksi tupu la glavu, nikaligeuza upande mweupe, naandika. Saa 36 kwa wiki, mara wiki 48, mara miaka minne: 6,912. Hizo ni za hapa Minnesota, za kuosha wazee. Chini yake nikaandika za Singida, enzi zangu za utabibu: saa 45 mara wiki 48 mara miaka sita, 12,960. Jumla 19,872. Nikapiga mistari miwili chini ya jibu, kama tulivyofundishwa darasa la tatu.

Mwenzangu wa zamu, mama mmoja wa Kisii, akachungulia.

"Dada, hizo hesabu ni za nini?"

"Za kujua kama chuo cha PA, physician assistant, kitanichukua."

Akakoroga chai yake taratibu, kijiko kinagonga kikombe. "Haya. Na wakikuchukua, je?"

Taa ya chumba namba 14 ikawaka. Tukanyanyuka.

Wiki ya tano hii. Bado sijamjibu.

## Mlango wa pembeni haupo

Mama yangu aliponiuliza PA ni nani, nilimwambia ni daktari msaidizi. Akaelewa papo hapo, maana aliyemfanyia upasuaji wakati wa kumzaa mdogo wangu alikuwa daktari msaidizi, yule wanayemwita AMO. Mtu anayeona mgonjwa, anapima, anaandika dawa, anashona, ila hakupita njia ndefu ya udaktari.

Tafsiri yangu haikuwa mbaya. Tanzania ilianza kufundisha ma-AMO mwaka 1963. Kule Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, Dr. Eugene Stead alianza kufundisha ma-PA kwa wanafunzi wanne mwaka 1965, wote wakiwa wahudumu wa tiba waliotoka jeshi la majini. Walijua kazi, cheti hawakuwa nacho. Watatu wakahitimu Oktoba 1967. Miaka michache baadaye Dr. Richard Smith akaanzisha programu ya MEDEX huko Seattle, naye akianza na watu wa jeshini hao hao waliorudi kutoka Vietnam na ujuzi usio na jina uraiani.

Nilipoisoma historia hii mara ya kwanza nilifurahi kijinga. Nikasema, kumbe kazi hii ilibuniwa kwa ajili ya watu kama mimi! Mtu aliyekwishafanya kazi, anayehitaji kupewa nafasi ya kuifanya rasmi.

Nikaanza kutafuta mlango wa pembeni. Nilidhani kuna mtihani wa kupima watu wa nje, ukifaulu unapewa leseni, kama manesi wetu wanavyofanya mtihani wao wa NCLEX baada ya vyeti vyao kukaguliwa. Haupo. Mtihani wa PA unaitwa PANCE, maswali 300, na huruhusiwi kuukaribia kama hukuhitimu programu iliyoidhinishwa na ARC-PA, chombo kinachokagua shule za PA. Hata daktari kamili wa Muhimbili, akitaka kuwa PA, anaanza darasani na watoto wa miaka 23.

Niliyajua hayo nikiwa zamu, simu mkononi, mbele ya kikaushio cha nguo. Nguo zilipokauka nikazikunja.

## Uji ulioshika moto

Nilishafanya sehemu ngumu, au ndivyo nilivyoamini. Stashahada yangu ya utabibu haikutosha, maana karibu kila programu ya PA inataka shahada ya kwanza. Nikaenda chuo cha jamii, nikahamia chuo kikuu, nikamaliza. Miaka mitano na nusu, usiku kazini mchana darasani. GPA ya jumla, yaani wastani wa alama, 3.31 kati ya 4. Nyumbani walichinja mbuzi.

Halafu nikafungua CASPA, ule mfumo mmoja ambao karibu shule zote za PA hupokelea maombi, nikaanza kuingiza masomo, moja baada ya jingine.

Muhula wangu wa kwanza Marekani nilipata C ya kemia. Nilikuwa nabeba boksi usiku kwenye ghala, naingia maabara saa mbili asubuhi na viatu vile vile vya chuma. Mwaka uliofuata nililirudia somo nikapata A, na chuo changu kikaifuta ile C kwenye hesabu zake. Kichwani mwangu C ilishazikwa.

CASPA ikaifufua. Mfumo ule hauangalii chuo kimesamehe nini; somo ulilolirudia linahesabiwa mara zote ulizolisoma. C na A zikakaa meza moja, zikanipa B.

GPA yangu ya sayansi ikatoka 3.18.

Nilikaa na ile namba kama mtu aliyepewa majibu ya kipimo. Wanaochukuliwa, wastani wao wa sayansi unacheza kwenye 3.5. Shule nyingi zinaandika kiwango cha chini 3.0, na hapo ndipo wengi tunajidanganya: tunaona 3.0, tunaona 3.18 yetu, tunasema nimo. Kiwango cha chini kinakuruhusu kupanga foleni tu. Shule yenye viti arobaini au hamsini inaweza kupokea maombi zaidi ya elfu moja. Kitaifa, kwa miaka ya karibuni, wanaopata kiti ni takriban theluthi ya waombaji, na hiyo ni baada ya kila mmoja kutuma shule kadhaa.

Nikafanya hesabu nyingine. Nilikuwa na krediti 60 za sayansi. Nikichukua masomo matatu ya krediti nne nne, nikapata A zote, nafika 3.32. Kufika 3.5 nahitaji krediti 39, zote A. Thelathini na tisa! Yaani karibu theluthi ya shahada nyingine. GPA ni kama uji ulioshika moto: utaongeza maziwa, utaongeza sukari, ile harufu inabaki.

Na miaka yangu mitatu ya chuo cha utabibu Tanzania? Nililipa WES, shirika la kukagua vyeti vya nje, wakaikagua na kuilinganisha na ya huku. Karatasi nzuri, ina muhuri. Lakini masomo ya nje hayaingii kwenye GPA ya CASPA, na shule nyingi zinataka masomo ya msingi yawe ya Marekani, baadhi zikitaka yasizidi miaka mitano, saba au kumi. Anatomia niliyoisoma kwa kushika mifupa halisi inalala kwenye bahasha.

## Pumzi 28

Kilichobaki ni saa. Kwenye saa nilijiona tajiri.

Shule moja inataka saa 500 za kumhudumia mgonjwa kwa mikono, nyingine 1,000, nyingine 2,000, na wanaochukuliwa mara nyingi wana zaidi ya hizo. Mimi nina 19,872. Hapo niliona nafasi yangu inapanda. Ila CASPA haitaki jumla peke yake. Kila kazi inataka ieleze ulifanya nini, na itaje msimamizi wako, jina na mawasiliano. Halafu kuna insha: herufi 5,000, nafasi tupu nazo zikihesabiwa, useme kwa nini unataka kuwa PA.

Nikaandika juu ya mzee mmoja wa chumba cha mwisho kushoto. Fundi wa matrekta maisha yake yote, mikono kama magogo. Usiku mmoja nilikwenda kumgeuza, nikaona mabega yanafanya kazi ambayo si yao. Hakukohoa, hakulalamika. Nikatazama saa ya ukutani, nikahesabu dakika nzima.

Pumzi 28.

Mtu mzima aliyetulia anakwenda 12 hadi 20. Nikamwita nesi wa zamu, oksijeni ikasoma 86, gari la wagonjwa likaja. Alirudi baada ya siku tisa, ananidai sharubati ya tufaha.

Kuhesabu kule nilikujua Singida. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili, pumzi 50 kwa dakika ni hatari. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Mtoto amelala mgongoni, mama ameambiwa asimnyonyeshe kwanza, wewe umekodoa macho kwenye kitovu kinachopanda na kushuka, na nje foleni inafika mwembeni. Ukihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, unadanganyika. Lazima dakika nzima.

Rasimu ya kwanza ya insha nilimpelekea rafiki aliyekwisha kuwa PA, Mnigeria, mkali kuliko pilipili kichaa. Akanirudishia na mstari mmoja: "Hii ni barua ya malalamiko."

Nilikasirika siku mbili.

Siku ya tatu nikaisoma kwa sauti. Alikuwa sahihi. Aya nzima ilikuwa ya jinsi nilivyokuwa tabibu na sasa naosha watu. Ya jinsi nesi alivyonisikiliza kwa shingo upande. Ya jinsi nilivyojua ni nimonia kabla ya wote. Yule mzee mwenyewe alitokea mistari minne, kama mpita njia kwenye harusi yake. Nikafuta kila kitu, nikabakisha saa ya ukutani, mabega na namba 28. Ilikuwa insha fupi mno, lakini kwa mara ya kwanza ilikuwa na mgonjwa ndani yake.

Na kuna jambo lilinichoma nikiwa nafuta. Kumbe kwa miaka minne nilikuwa naishi pale kama mtu aliyekaa kituo cha basi. Nafanya kazi vizuri, sikatai, lakini kila siku najiambia hii siyo yangu, hii inapita. Sasa nataka hizo hizo saa 6,912 ziniombee kiti, na mwenyewe sijawahi kuziheshimu.

## Shule kumi na nne

Kwenye orodha yangu kulikuwa na shule 14. Zipo zaidi ya 300 nchi nzima, kwa hiyo 14 niliona ni unyenyekevu. Ada ya CASPA ni zaidi ya dola 180 kwa shule ya kwanza na dola 60 na ushee kwa kila inayofuata. Kumi na nne zinakaribia dola elfu moja kabla hujalipia fomu za ziada za shule zenyewe, maana nyingi nazo zina zao.

Nikachukua wikiendi moja, nikasoma masharti ya kila moja, neno kwa neno, na peni nyekundu.

Tatu hazihesabu saa za kazi nje ya Marekani. Mbili zinataka baiokemia, sina. Moja inataka barua ya PA aliyekusimamia, na mimi PA ninayemjua vizuri ni yule Mnigeria, ambaye hajawahi kuniona kazini. Moja inapendelea waziwazi wakazi wa jimbo lake. Mbili wastani wa darasa lao lililopita ulikuwa juu yangu mno, nikaona natupa dola.

Zikabaki tano.

Nawaambia wanaonifuata nyuma: wikiendi ile ilinifundisha kuhusu nafasi yangu kuliko miezi minane ya kuulizana kwenye sherehe za ubatizo. Mtu anakuambia "una uzoefu, watakuchukua tu", mwingine anakuambia "kwa GPA hiyo usijisumbue", na wote hawajafungua ukurasa hata mmoja. Hakuna nafasi moja ya jumla. Kwa shule ile sina kabisa, kwa shule hii ninayo, na tofauti ni mstari mmoja kwenye masharti yao. Mbili kati ya tano zilizobaki zinaangalia zaidi krediti 60 za mwisho, na za mwisho zangu ni 3.6. Ile C ya viatu vya chuma kwao iko mbali.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli.

## Hesabu niliyoikwepa

Kwa sababu muda wote nafasi ilipokuwa ndogo, nilikuwa salama. Namba mbaya ni godoro zuri. Unalala juu yake, watu wakikuuliza unawaonyesha 3.18, wanakuonea huruma, mnaagiza nyama choma.

Sasa zimebaki tano, na mbili zinaweza kusema ndiyo. Swali la mama wa Kisii likarudi na kijiko chake.

Programu ya PA ni takriban miezi 27, mfululizo. Kufanya kazi ukiwa ndani yake shule nyingi zinakataza au zinakuomba usithubutu. Karo peke yake mara nyingi inavuka dola laki moja. Ule mkopo wa serikali wa Grad PLUS, ambao wengi walioko mbele yangu waliuegemea kujazia, wakopaji wapya hawaupati tena kuanzia Julai 1, 2026. Mkopo wa kawaida wa wanafunzi wa shahada za juu una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka. Linalobaki utafute benki binafsi, na benki inataka mdhamini. Mdhamini wangu nani? Mnigeria?

Najua upande wa pili wa mizani. Takwimu za serikali za Mei 2024 zinaweka mshahara wa kati wa PA dola 133,260 kwa mwaka. Deni linalipika. Lakini mshahara huo unaanza mwezi wa 28 au 30, na sukari ya mama haijui kusubiri.

Natuma dola 350 kila mwezi. Dawa na kliniki ya mama, ada ya mdogo wangu, kidogo cha wajomba. Mara 27 ni dola 9,450. Hii ndiyo hesabu niliyokuwa naizunguka kwa hesabu nyingine zote. Boksi la glavu, GPA, krediti 39, zote zilikuwa ni namna ya kutofika hapa.

Sijui kwa nini ilinichukua wiki tatu kumpigia mama na kumwambia. Labda kwa sababu tangu nije huku sijawahi kumwambia kitu chenye "huenda nisitume". Nilizunguka sana. Nikaanza na hali ya hewa, nikapitia kuku, nikauliza habari za jirani ninayemjua hampendi.

Mwishowe nikasema.

Kimya. Nikasikia redio ya jirani.

"Miezi mingapi?"

"Ishirini na saba, mama. Kama wakinichukua. Huenda wasinichukue."

"Basi bati la jikoni lisubiri." Halafu akaniuliza kama huku nimeshapata mlenda.

Sikupata baraka ndefu wala machozi. Nilichopata ni orodha, siku mbili baadaye, kupitia simu ya mdogo wangu: dawa zipi zinapatikana kwa bima, zipi za kununua, na kiasi. Jumla yake haifiki dola 350. Haifiki hata 120. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kunipa mchanganuo, na mimi sikuwahi kuuliza. Sijui nicheke au ninune. Mdogo wangu naye ameniandikia chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba muhula ujao ndio wake wa mwisho.

Nimejiandikisha baiokemia, Jumanne na Alhamisi jioni, na fiziolojia ya juu muhula unaofuata. Mzunguko huu nauacha upite. Programu nyingi zinachambua maombi kadiri yanavyoingia, na kuingia Septemba na insha nusu ni kama kufika msibani watu wameshakula. CASPA inafunguliwa tena mwishoni mwa Aprili. Wiki hiyo hiyo nataka niwe nimetuma.

## Kitabu namba 5

Kulibaki kisanduku kimoja tu kwenye fomu: msimamizi wa zile saa 12,960.

Mganga mfawidhi wetu alistaafu. Namba yake niliipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu. Nikamwandikia ujumbe mrefu, nikaeleza CASPA, saa, uthibitisho, nikaomba radhi kwa usumbufu.

Alijibu kwa sauti, dakika mbili na sekunde arobaini, majogoo nyuma.

"Kwanza sijasikia shikamoo." Kweli, katika maneno yote yale niliisahau. "Pili, nimekuelewa nusu. Wanataka saa? Sisi tulikuwa tunahesabu wagonjwa, saa tulikuwa nazo wapi? Waambie waje wafungue daftari la wagonjwa, MTUHA kitabu namba 5, wasome mwandiko wako. Siku ile ya malaria uliandika hadi wino ukaisha ukaendelea na penseli, nikakugombeza. Namba waandikie hii hii. Kiingereza changu kipo, kimelala tu, watakiamsha. Ila wasinipigie usiku, kwao mchana kwetu usiku, uwaeleze hilo vizuri."

Akakohoa. Nikahesabu pumzi zake bila kukusudia.

"Haya. Kazi njema, Dokta."

Miaka tisa na ushee sijaitwa hivyo. Niliirudia sehemu hiyo mara tatu kwenye maegesho, injini inawaka, theluji inayeyuka kwenye kioo, kisha nikaingia kupokea zamu.